Kopo la Maziwa na Haki ya Mzazi ya Kupima Hatari

Waswahili wana methali mbili zinazoonekana kuvutana. Ya kwanza husema: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Ya pili husema: "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Ya kwanza humpa mzazi mamlaka, kwa kuwa hakuna ampendaye mtoto kumzidi yeye. Ya pili humwonya mzazi huyohuyo kwamba mapenzi yake yanaweza kumpotosha. Kati ya methali hizi mbili ndipo linapokaa swali letu la leo. Serikali inapotunga sheria ya kumlinda mtoto dhidi ya bidhaa fulani, je, inamsaidia mzazi, au inamnyang'anya haki yake ya kupima hatari?

Swali hili huulizwa kuhusu vitu vingi: wanasesere, rangi za nyumba, dawa, magodoro ya watoto. Nimechagua kitu kimoja ambacho historia yake inapita Uganda na inatugusa sisi wa Kasese na Bwera, nacho ni maziwa ya unga ya watoto wachanga, yale ambayo watu wengi huyaita maziwa ya kopo.

Historia yake inaanzia Ulaya. Mwaka 1867, katika mji wa Vevey nchini Uswisi, mfamasia mzaliwa wa Ujerumani, Henri Nestlé, alianza kuuza chakula cha watoto kilichotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano na sukari. Nia ya chakula hicho haikuwa mbaya. Palikuwa na watoto waliofiwa na mama zao na palikuwa na kina mama walioshindwa kunyonyesha, na watoto hao walikuwa wakifa. Tukumbuke jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu mtu asomaye historia ya maziwa ya kopo kama hadithi ya sumu tu hataielewa. Bidhaa iliyozaliwa kama msaada kwa wachache ilikuja kuuzwa kama mahitaji ya wote, na hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Kufikia miaka ya 1930, maziwa ya makopo yalikuwa yamekwisha kuenea katika makoloni ya Afrika na Asia. Daktari mmoja mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, alifanya kazi Gold Coast, nchi tuiitayo leo Ghana. Huko aliandika juu ya ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa wakapewa uji wa mahindi usio na virutubisho vya kutosha. Aliuita kwa jina walilolitumia kina mama wenyewe katika lugha ya Ga: kwashiorkor, maradhi ya mtoto anayeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Kiswahili huuita unyafuzi. Baadaye Williams alihamishiwa Malaya, akaona jambo lililomkasirisha zaidi. Maziwa mazito yenye sukari nyingi yalikuwa yakitangazwa kuwa chakula kinachofaa watoto wachanga, hali yalikosa vitamini muhimu. Mwaka 1939, akihutubia kilabu ya Rotary mjini Singapore, alitamka bila kuficha kwamba kueneza propaganda ya namna hiyo ni sawa na kuua. Zingatia, msomaji, kwamba lawama yake hakuielekeza kwa kina mama. Aliielekeza kwa wale waliowaambia kina mama uongo.

Uganda nayo ina nafasi yake katika historia hii. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari kama Hugh Trowell na Rex Dean waliuchunguza unyafuzi kwa miaka mingi, na mwaka 1954 wakachapisha, pamoja na mwenzao Davies, kitabu kilichosomwa duniani kote. Baada yao akaja Derrick Jelliffe, profesa wa afya ya watoto katika Chuo cha Makerere tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960. Ni katika miaka hiyo ya 1960 ndipo Mulago ilipopata kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu. Jina hilo limetokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na ngozi. Ngozi inayotajwa hapo ni ile iliyotumiwa kumbebea mtoto mgongoni. Sisi katika Kiswahili tungesema mbeleko. Mafunzo ya kituo yaliendana na jina. Mama alikaa na mtoto wake, akajifunza kupika vyakula vilevile vya nyumbani kwa namna itakayomponya, kisha akarudi kijijini akiwa na ujuzi mikononi mwake. Mganga alimleta mama karibu na maarifa, akamwachia uamuzi.

Jelliffe ndiye pia aliyebuni msemo uliokuja kuwauma wenye viwanda: utapiamlo unaozalishwa na biashara. Alimaanisha kwamba kuna njaa iletwayo na ukame, kuna njaa iletwayo na vita, na kuna njaa ya mtoto mchanga iletwayo na tangazo.

Njaa hiyo hutokeaje? Ni lazima tuifahamu vyema njia yake, kwa maana hoja yote ya sheria imejengwa hapo. Mwili wa mama hutengeneza maziwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto akinyonya sana, maziwa huongezeka. Akinyonya kidogo, hupungua. Sasa mfikirie mama aliyejifungua jana. Mtu aliyevaa mavazi meupe kama muuguzi, kumbe ni mwajiriwa wa kampuni, anampa kopo la bure. Kwa siku chache mtoto ananyweshwa kwa chupa. Maziwa ya mama yanapungua. Mama anarudi nyumbani, kopo linakwisha, na sasa hana budi kununua jingine. Bei ni kubwa mno kwa mfuko wake, basi anaongeza maji ili unga udumu. Maji yenyewe si safi, na kuni za kuyachemsha ni za kununua. Mtoto anaharisha, anakonda, na huenda akafa. Katika mlolongo huu wote mama hakufanya jambo hata moja bila mapenzi. Kila hatua aliichagua mwenyewe, lakini hatua ya kwanza alisukumwa.

Mambo hayo yalifichuka hadharani katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 shirika la Uingereza liitwalo War on Want lilichapisha kijitabu cha mwandishi Mike Muller kilichowashutumu wauzaji wa maziwa ya watoto katika nchi maskini. Kundi la wanaharakati nchini Uswisi likakitafsiri kwa Kijerumani na kukipa jina lisemalo kwamba Nestlé huua watoto wachanga. Kampuni ikashtaki. Mwaka 1976 mahakama ya Bern iliwapata wanaharakati na hatia ya kuikashifu kampuni, kwa sababu haikuthibitishwa kwamba kampuni yenyewe ndiyo iliyoua. Hata hivyo, faini iliyotozwa ilikuwa ndogo, faranga 300 kwa kila mmoja, na jaji akaitaka kampuni itafakari upya namna inavyojitangaza. Mwaka uliofuata, 1977, watu nchini Marekani walianza kususia bidhaa za kampuni hiyo, na mgomo huo ukaenea nchi nyingine.

Hukumu ya Bern ina somo la uraia. Mtu anaweza kuwa na hoja ya haki akaiharibu kwa kutia chumvi. Kopo haliui lenyewe. Linaua likikutana na maji machafu, umaskini na uongo. Jaji alitenganisha mambo hayo, na sheria njema nayo haina budi kuyatenganisha.

Tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha Mwongozo wa Kimataifa wa Uuzaji wa Vyakula Vinavyotumika Badala ya Maziwa ya Mama. Nchi 118 ziliunga mkono, 3 hazikupiga upande wowote, na moja tu ilipinga: Marekani. Serikali ya huko wakati huo ilieleza kwamba mwongozo huo unaingilia uhuru wa biashara na uhuru wa kujieleza. Tusiidharau hoja hii kwa sababu tu ilipata kura moja. Ndani yake mna swali la kweli: kwa nini mtu mzima azuiwe kusikia tangazo? Je, hana akili ya kulipima?

Jibu limo katika maneno ya mwongozo wenyewe. Haukupiga marufuku maziwa ya kopo. Haukumlazimisha mama yeyote kunyonyesha. Ulikataza kuyatangaza kwa umma, kuwagawia kina mama makopo ya bure, na kubandika picha za watoto wachanga wanene juu ya kopo ili kulitukuza. Uliagiza lebo ieleze ubora wa maziwa ya mama, ionyeshe namna sahihi ya kuchanganya, ionye kuhusu hatari ya kukosea, na iandikwe kwa lugha inayofaa. Kwa maneno mengine, uliufunga mdomo wa muuzaji mahali fulani na kuulazimisha useme kweli mahali pengine. Mama ulimwacha huru.

Mwongozo wa kimataifa hauna meno mpaka nchi iuingize katika sheria zake. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Uganda ikafuata mwaka 1997 kwa kanuni za uuzaji wa vyakula vya watoto wachanga na watoto wadogo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Vyakula na Dawa. Kenya ilipitisha sheria kamili ya Bunge mwaka 2012. Hapa, mwanafunzi, jifunze kutofautisha maneno mawili. Sheria hutungwa na Bunge. Kanuni hutungwa na waziri au chombo kilichopewa uwezo huo na sheria, ili kuieleza na kuitekeleza. Zote mbili humfunga mtu, ila kanuni haiwezi kuvuka mipaka ya sheria iliyoizaa.

Tukitazama duniani, tunaona kwamba serikali zina njia kadhaa za kumlinda mtoto dhidi ya bidhaa, na hazina uzito sawa. Njia ya kwanza ni kuipiga marufuku. Kanada ilifanya hivyo mwaka 2004 kwa vile vigari vyenye magurudumu ambamo mtoto asiyeweza kutembea huwekwa ili ajisukume, kwa kuwa watoto walikuwa wakiporomoka navyo kwenye ngazi. Njia ya pili ni kuweka viwango, yaani kusema bidhaa itengenezweje kabla ya kuuzwa. Hiyo ndiyo kazi ya Shirika la Taifa la Viwango la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Njia ya tatu ni kumdhibiti muuzaji na maneno yake, kama tulivyoona katika maziwa. Njia ya nne ni kumwamuru mzazi mwenyewe, kama Sheria ya Chanjo ya Uganda ya mwaka 2017 inavyofanya. Anayelalamika kwamba serikali imeingia nyumbani mwake aulize kwanza imeingia kwa mlango upi. Katika suala la maziwa, serikali haikuingia nyumbani. Ilisimama dukani na hospitalini.

Hata hivyo, ilikuja siku ambapo elimu hii yote ilitikisika. Katikati ya miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika maziwa yake. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumizwa mapema na ugonjwa huo. Mama aliyeambiwa miaka yote kwamba ziwa lake ndilo usalama wa mtoto, sasa aliambiwa kwamba huenda ndilo hatari. Ni nani angempimia? Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalishauri kwamba mama mwenye virusi aelezwe hatari za pande zote mbili, kisha achague mwenyewe. Ilisemwa kwamba maziwa ya kopo yafaa iwapo yanakubalika, yanawezekana, mtu anamudu bei yake, yanapatikana wakati wote, na ni salama. Masharti matano! Ni kina mama wangapi wa vijijini wangeweza kuyatimiza yote?

Botswana ilijibu kwa ukarimu. Serikali ilitoa maziwa ya unga bure kwa kina mama wenye virusi. Mapema mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, na ugonjwa wa kuharisha ukawakumba watoto. Uchunguzi ulionyesha kwamba watoto wasionyonya ndio walioumia zaidi sana, na mamia walikufa. Watoto waliokingwa dhidi ya virusi waliuawa na maji. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mama atumie dawa za kupunguza makali ya virusi na aendelee kunyonyesha. Uganda, kuanzia mwaka 2012, ilianza kumpa kila mama mjamzito mwenye virusi dawa hizo kwa maisha yake yote. Mama aliyekuwa amesimama kati ya hatari mbili alipewa njia ya tatu. Katika historia hii nzima, hapo ndipo ninapoona heshima kubwa kuliko zote kwa mzazi: hakuamriwa wala hakutelekezwa, bali alipewa chaguo lililo bora.

Sasa turudi kwetu. Anayeishi Kasese hahitaji kwenda Botswana ili ajue maana ya maji kuchafuka. Mto Nyamwamba ulifurika tarehe 1 Mei 2013, na ukafurika tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Katwe, na uchunguzi ukabaini kwamba chanzo kilikuwa maji yaliyotekwa ziwani. Lebo ya kopo husema: tumia maji safi yaliyochemshwa. Ni sentensi fupi. Mjini Vevey sentensi hiyo ni jambo la kufungua bomba. Mlimani juu ya Kilembe, wiki moja baada ya mafuriko, ni safari, ni kuni, ni fedha, ni bahati.

Kwa sababu hiyo mimi naona kwamba ujuzi wa hatari umegawanyika sehemu mbili. Serikali na wataalamu wake wanajua kilichomo ndani ya kopo. Mzazi anajua kilichomo ndani ya nyumba yake: maji yanatoka wapi, fedha zimebaki kiasi gani, nani atabaki na mtoto yeye akienda shambani au sokoni. Serikali ikidhani inajua yote, itamtukana bibi anayemlea mjukuu aliyefiwa na mama na ambaye hana njia ila kopo. Mzazi naye akidhani anajua yote, atamwamini mwenye vazi jeupe. Sheria inayomzuia muuzaji asidanganye haimpunguzii mzazi haki yake ya kupima. Inampa mizani isiyochezewa.

Lakini mizani hiyo yahitaji kusomeka. Sisi tunaishi mpakani. Kutoka Bwera hadi Mpondwe ni karibu, na ng'ambo ya mpaka ni Kongo, ambako maandishi rasmi ni ya Kifaransa. Upande huu ni Kiingereza. Nyumbani mama anasema Lhukonzo, na sokoni anauza na kununua kwa Kiswahili. Mwongozo wa 1981 ulidai lugha inayofaa. Ni lugha ipi inayomfaa mama huyu? Onyo lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma ni sawa na kutokuwapo. Ninyi mnaojifunza Kiswahili, na mnaouliza kila mwaka kitawafaa nini, fikirini jambo hilo.

Yapo mazingira ambamo serikali ina haki ya kwenda mbali zaidi. Juni 2019 familia moja ilivuka mpaka kutoka Kongo, na mtoto wa miaka 5 akafa kwa Ebola katika hospitali ya Bwera. Siku zile watu waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa na kuchunguzwa afya zao, na mikusanyiko ikawekewa mipaka. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hatari ya nyumbani kwake ni shauri lake, kwa kuwa hatari ile haikukaa nyumbani kwake. Pale ambapo uamuzi wa mzazi mmoja unamwangukia mtoto wa jirani, mamlaka yake hupungua. Katika maziwa ya kopo jambo haliko hivyo, na kwa sababu hiyo ni haki sheria yake imbane muuzaji na isimbane mama.

Katiba yetu ya 1995 inashika pande zote mbili. Ibara ya 31 inasema kwamba kuwatunza na kuwalea watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Ibara ya 34 inampa mtoto haki zake mwenyewe, na inakataza asinyimwe matibabu kwa sababu ya imani ya mtu mwingine. Mtoto ni wa mzazi, lakini si mali ya mzazi.

Limebaki deni moja ambalo sheria ya maziwa haijalilipa. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama mwajiriwa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Wataalamu wanashauri mtoto anyonye bila kupewa kitu kingine kwa miezi 6. Hesabu hizo hazilingani. Na mwanamke anayeuza nyanya sokoni hana mwajiri wa kumpa hata siku moja. Kumwambia mama huyo kwamba ana uhuru wa kuchagua, bila kumpa muda wala mahali pa kunyonyeshea, ni kumpa haki isiyo na mikono.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Nenda kwenye duka la karibu, omba ruhusa, usome lebo ya kopo moja la maziwa ya watoto. Andika kwa Kiswahili sanifu, katika aya moja, yale ambayo lebo inamwambia mama. Kisha umsomee kwa sauti mtu mzima nyumbani kwenu ambaye hasomi Kiingereza, na umuulize ni neno gani lilikuwa jipya kwake. Uje darasani na jibu lake.